Puya za Wameitei: Kuchomwa, Kutukuzwa na Kusomwa

Utangulizi

Muhula uliopita, katika somo la fasihi linganishi, kila mmoja wetu alitakiwa kuchagua fasihi ya jamii iliyo mbali na Afrika Mashariki na kuiwasilisha darasani kwa Kiswahili. Mimi nilichagua puya, yaani maandiko ya kale ya Wameitei wa Manipur, kaskazini mashariki mwa India. Nilieleza kwa urefu jinsi mfalme alivyoamuru zichomwe. Nilipomaliza, mwenzangu mmoja aliinua mkono akauliza: "Sasa kama zilichomwa, wewe umetusomea nini?" Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipotazama tena karatasi zangu niliona kwamba amesema kweli. Karibu muda wangu wote nilikuwa nimeutumia kuuzungumzia moto, na sikuwa nimesema lolote la maana juu ya maneno yaliyomo ndani ya vitabu.

Kosa hilo si langu peke yangu. Puya zikitajwa, kinachotangulia ni habari ya kuchomwa kwake, kisha hufuata ubishi juu ya umri wake. Maudhui huja mwisho, na mara nyingi hayaji kabisa. Katika insha hii ninadai kwamba puya zimekosewa kwa njia mbili zinazofanana kuliko tunavyodhani. Kuna waliozichoma kwa sababu ya kile zilichosimamia, na kuna wanaozitukuza kwa sababu ya kile zinachosimamia. Wote wawili hawaulizi zinasema nini. Ili kuitetea hoja hii nitazigusa puya tatu, kisha nirudi kwenye moto.

Yafaa niseme mapema kwamba ninazisoma puya kwa tafsiri. Numit Kappa nimeipata kupitia kwa T. C. Hodson, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyewahi kufanya kazi Manipur, katika kitabu chake The Meitheis cha mwaka 1908. Tarehe ya wafalme nimeisoma katika tafsiri ya Saroj Nalini Arambam Parratt, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2005. Mmoja ni mtawala wa kigeni, mwingine ni mwanazuoni mzaliwa wa Manipur. Msomaji wa tafsiri hana budi kukumbuka ni mkono wa nani uliompa kitabu.

Puya ni nini?

Wameitei wengi wanaishi katika bonde la Imphal, lililozungukwa na milima pande zote, karibu na mpaka wa Myanmar. Lugha yao, Kimeitei, ambayo pia huitwa Kimanipuri, ni ya jamii ya lugha za Kitibeti na Kiburma. Haina udugu na Kihindi wala Kibengali. Ilikuwa na hati yake yenyewe, Meitei Mayek. Hati hii ina jambo lililonivutia tangu siku ya kwanza: herufi zake nyingi zimepewa majina ya viungo vya mwili. Kok ni kichwa, sam ni nywele, lai ni paji la uso, mit ni jicho, na ni sikio. Mtoto anayejifunza kusoma anajifunza pia kuutaja mwili wake kuanzia juu kwenda chini.

Puya si kitabu kimoja. Ni jina la jumla la miswada ya kale ya namna nyingi. Zimo zinazosimulia kuumbwa kwa ulimwengu, kama Leithak Leikharol. Zimo za nasaba na uhamiaji, kama Poireiton Khunthok, inayosimulia safari ya Poireiton na watu wake hadi bondeni. Chainarol inaeleza adabu za mashujaa wanapopigana wawili wawili. Loyumba Shinyen, inayohusishwa na Mfalme Loyumba na mwaka 1110, inagawa kazi kwa koo mbalimbali. Zipo pia za tiba, za unajimu na za ibada. Nyingine ziliandikwa juu ya karatasi za kienyeji, na nyingine juu ya magome ya mti wa agar, ndio mti ule ule unaotoa udi tunaofukiza majumbani. Watunzaji wake walikuwa wanazuoni waitwao maichou, na elimu hiyo ilirithishwa katika familia.

Kwa hiyo anayeuliza kama puya ni "vitabu vitakatifu" au "vitabu vya historia" au "fasihi" anauliza swali ambalo waandishi wenyewe hawakulijua. Mgawanyo huo ni wetu sisi wa vyuoni. Hata hivyo, mhakiki anaruhusiwa kuchagua mlango wa kuingilia, na mimi nimechagua mlango wa fasihi.

Moto wa 1729

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Mwanzoni mwa karne ya 18 alitawala Mfalme Pamheiba, anayejulikana zaidi kwa jina la Garib Niwaz, jina la Kiajemi lenye maana ya mfadhili wa maskini. Alikuwa mpiganaji hodari aliyevuka mpaka na kuwashambulia Waburma ndani ya nchi yao. Katika enzi yake dini ya Kihindu ya kumwabudu Vishnu ilifanywa dini ya dola, na mshauri wake mkuu katika jambo hilo alikuwa Shantidas Gosain, mhubiri aliyetoka Sylhet. Mwaka 1729, au 1732 kwa hesabu ya wengine, puya zilikusanywa Kangla, kwenye ngome ya wafalme, zikatiwa moto. Tukio hilo huitwa Puya Meithaba na hukumbukwa kila mwaka. Baadaye hati ya Kibengali ilichukua nafasi ya Meitei Mayek, mpaka watu wa kawaida wakawa hawawezi tena kusoma maandiko ya mababu zao.

Moto huo haukumaliza kila kitu. Familia za maichou zilificha miswada, nyingine zikainakili. Tena yale yaliyokuwa yakisemwa na kuimbwa hayakuweza kuchomwa. Katika sherehe za Lai Haraoba, makuhani wa kike waitwao maibi waliendelea kuimba na kucheza habari za kuumbwa kwa dunia. Hapa ndipo swali la mwenzangu linapopata jibu lake la kwanza: nimesoma zilizobaki, na zilizobaki si chache.

Mtumwa aliyelipiga jua mshale

Numit Kappa, yaani kulipiga jua mshale, ni simulizi fupi. Hapo zamani kulikuwa na majua mawili, ndugu wawili. Moja likitua, jingine linachomoza, na usiku haukuwapo. Mtumwa mmoja, Khwai Nongjengba Piba, anachoka. Kwa kuwa hakuna usiku, kazi yake haina mwisho. Anatengeneza upinde, anavizia, anapiga. Mshale unaleta jeraha, jua linaogopa na kujificha, na dunia nzima inaingia gizani. Sasa watu wanahangaika, na jua linabembelezwa kwa ibada na sadaka mpaka likubali kutoka. Tangu hapo jua ni moja, na mchana una usiku wake.

Simulizi za kupunguza majua zipo kwa mataifa mengi ya Asia. Wachina wana mpiga upinde Yi, aliyeangusha majua tisa kati ya kumi. Lakini Yi ni shujaa, naye anawaokoa watu wanaoungua kwa joto. Wameitei wamemweka mtumwa mahali pa shujaa, na wameweka uchovu mahali pa joto. Hili ndilo linalonifanya niiite Numit Kappa kazi kubwa. Haisemi kwamba jua la pili lilikuwa baya. Kwa bwana, mchana usiokwisha ni neema, maana shamba linalimwa na kuni zinaletwa saa zote. Ubaya wake unaonekana kwa yule tu anayezibeba kuni hizo. Usiku, kwa mujibu wa puya hii, ulizaliwa kutokana na malalamiko ya mtu aliye chini kabisa.

Lakini mtunzi hakuishia kwenye ushindi. Mtumwa akipata usiku, kila mtu anapata giza, naye yumo. Uasi wake ni wa haki na una gharama, na gharama hiyo inalipwa na jamii nzima kwa ibada. Mhakiki anaweza kusema kwamba sehemu hii ya mwisho inampunguzia mtumwa utukufu, kwa kuwa anayeirudisha nuru si yeye bali ni waendesha ibada, na waliotunza kitabu ni watu wa ibada vilevile. Nakubali kwamba kuna maslahi hapo. Hata hivyo, hawakulirudisha jua la pili. Makuhani walirudisha nuru, lakini saa za mapumziko alizozipata mtumwa zilibaki. Ni mapatano, na mapatano hayo ndiyo ratiba ambayo sote tunaishi ndani yake mpaka leo.

Mungu wa kike aliyeondoka

Panthoibi Khongul ni ya namna nyingine kabisa. Panthoibi, mungu wa kike anayependwa sana na Wameitei, ameozwa katika ukoo wa Khaba, lakini moyo wake uko kwa Nongpok Ningthou, bwana wa upande wa mashariki. Anaiacha nyumba ya mume na kumfuata mpenzi wake. Wakwe wanamsaka kwa kufuata nyayo zake, na neno khongul lenyewe linahusu kufuata nyayo.

Katika simulizi nyingi tulizozoea, mwanamke anayetoroka ndoa huishia vibaya ili wasichana wapate funzo. Panthoibi hafi wala haombi radhi. Wanaomfuata ndio wanaobadilika: wanaanza safari kama wakwe wenye hasira na wanaishia kuwa waabudu. Nyayo walizozifuata ili wamrudishe nyumbani zinakuwa njia ya kumfikia mungu.

Kuna jambo la pili lenye uzito. Katika Lai Haraoba, wapenzi hawa huigizwa wakiwa wamevaa kama Watangkhul, moja ya jamii za Wanaga wanaoishi milimani. Yaani dini ya watu wa bondeni inawatafuta miungu wake wapendwa katika sura ya jirani wa mlimani. Nitalirudia jambo hili hapa chini, maana linahusu damu ya watu walio hai.

Mwaka unaobebwa na mtu

Cheitharol Kumpapa ni tarehe ya wafalme wa Manipur. Inaanza na Nongda Lairen Pakhangba mwaka 33 BK na kuendelea hadi mwaka 1955, alipofariki Mfalme Bodhachandra. Jina lake limefungamana na desturi ya cheithaba, ambayo tarehe yenyewe inaiweka katika mwaka 1485, enzi ya Mfalme Kiyamba. Kila mwaka ulipewa jina la mtu mmoja, na mtu huyo alibeba mikosi na dhambi za mfalme na za nchi kwa mwaka huo. Hesabu ya wakati ilikuwa pia hesabu ya lawama.

Wengi wanaisifu Cheitharol Kumpapa kwa urefu wake wa karibu miaka elfu mbili. Mimi naona msomaji makini atagundua kwamba ndani yake mna vitabu viwili. Pakhangba, ambaye ni mfalme na pia ni mungu mwenye umbo la nyoka, anapewa miaka zaidi ya mia moja ya kutawala. Wafalme wanaomfuata wanapita haraka, utawala mzima ukiwa na mistari michache. Kisha, kuanzia enzi ya Kiyamba, kalamu inabadilika. Miaka inafuatana mmoja baada ya mwingine, na ndani yake mna vita, mafuriko, vifo, ujenzi, ibada. Sehemu ya kwanza ni kumbukumbu iliyotungwa baadaye ili kuupa ufalme mzizi. Sehemu ya pili imeandikwa na watu walioyaona mambo au waliokuwa karibu na walioyaona.

Kusema hivi si kuitukana tarehe hiyo. Sehemu ya kwanza inatufundisha Wameitei wa karne ya 15 na baadaye walitaka kutoka wapi. Sehemu ya pili inatufundisha walipokuwa. Anayelazimisha zote mbili ziwe ushahidi wa aina moja anazipoteza zote mbili. Na kuna funzo jingine: tarehe hii iliendelea kuandikwa baada ya 1729. Dola iliyochoma puya iliendelea kuweka kumbukumbu zake za kila mwaka. Kwa hiyo si kweli kwamba maandishi yote ya Wameitei yalikufa siku moja Kangla.

Ugomvi wa umri

Mwacha asili ni mtumwa, husema wahenga, na Wameitei wengi wa karne ya 20 wangeitikia msemo huo. Mwaka 1930 Naoriya Phulo alianzisha huko Cachar, Assam, chama cha kuifufua dini ya asili. Miaka iliyofuata ilishuhudia watu wakidai hati yao irudi. Mwaka 1980 serikali ya Manipur iliidhinisha hati yenye herufi 27, na mwaka 1992 Kimanipuri kiliingizwa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba ya India. Haya ni mafanikio, na ninayaheshimu.

Lakini katika ufufuo huo puya zilianza kuulizwa swali moja tu: una miaka mingapi? Mfano mkubwa ni puya iitwayo Wakoklon Heelel Thilel Salai Ama-Ilon Pukok, inayodaiwa na watetezi wake kuwa ya mwaka 1400 KK. Wapo wanazuoni wanaolikataa dai hilo, na wapo wanaosema kitabu chenyewe ni cha kughushi. Ugomvi uliwaka zaidi kwa sababu puya hiyo inatumiwa kutetea hati yenye herufi 18, wakati wengine walishika 27 na wengine 36. Tazama kilichotokea: kitabu kimegeuzwa kuwa cheti cha kuzaliwa. Kikithibitishwa, taifa limeshinda. Kikikataliwa, taifa limetukanwa. Katikati ya ushindi na matusi hakuna nafasi ya kuuliza kama ni kitabu kizuri.

Tena vyeti vya namna hii vina hatari. Tangu Mei 2023, Wameitei wa bondeni na Wakuki-Zo wa milimani wamekuwa katika mapigano yaliyoua zaidi ya watu 200 na kuwaondoa makumi ya maelfu majumbani mwao. Katika hali hiyo swali la nani alitangulia kufika si swali la maktaba tena. Anayezitumia puya kama hati ya kumiliki ardhi angesoma Poireiton Khunthok, ambayo ni simulizi ya watu wanaohamia. Angemtazama pia Panthoibi akiwa na vazi la mlimani. Maandiko yenyewe yana mchanganyiko ambao wapiganaji wanaukana. Sisemi kwamba fasihi itazima vita. Nasema tu kwamba puya hazistahili kushuhudia jambo ambalo hazikulisema.

Moto wa pili

Tarehe 13 Aprili 2005 maktaba kuu ya jimbo la Manipur mjini Imphal ilichomwa moto. Waliofanya hivyo walikuwa wanaharakati wa Meitei Mayek, waliochoshwa na hati ya Kibengali kuendelea kutumika shuleni. Vitabu vilivyoteketea vinakadiriwa kuwa 145,000.

Naielewa hasira yao. Mtu aliyenyang'anywa hati ya babu yake kwa karne mbili na nusu ana haki ya kukasirika. Lakini waliokuwa wakiomboleza moto wa mfalme waliwasha wa kwao, na vitabu vingi walivyovichoma vilikuwa vya lugha yao wenyewe, vilivyoandikwa na Wameitei wenzao kwa hati iliyokuwapo wakati huo. Mfalme alivichoma vitabu kwa sababu vilikuwa vya dini isiyotakiwa. Wao walivichoma kwa sababu vilikuwa vya herufi zisizotakiwa. Katika mioto yote miwili kitabu kilihukumiwa kwa nguo kilizovaa.

Baada ya hapo Meitei Mayek ilianza kufundishwa shuleni hatua kwa hatua, na mwaka 2023 magazeti ya Kimanipuri yakaanza kuchapishwa kwa hati hiyo. Kizazi cha leo kinaweza kuzisoma herufi za puya, na hiyo ni furaha. Bado Kimeitei cha puya ni cha kale na kigumu, hata kwa wenyeji. Anayejua herufi ameufikia mlango tu. Kuingia ndani kunataka kazi ya miaka.

Hitimisho

Wakati moto wa kwanza unawaka Kangla, huku pwani ya Afrika Mashariki Utendi wa Tambuka ulikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, maana ni wa 1728, na uliandikwa Pate kwa herufi za Kiarabu. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua tarehe hiyo. Tunaiandika kwenye mtihani kuonyesha kwamba lugha yetu ina fasihi ya kale. Miswada ya namna hiyo imehifadhiwa Dar es Salaam na London, na hakuna mfalme aliyeichoma. Lakini katika darasa letu la watu arobaini, ni wawili tu wanaoweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo, na hao walizijua madrasa, si chuoni. Sisi tumeipoteza hati bila moto.

Ndiyo maana sikuziandika habari za Wameitei ili niwahukumu kutoka mbali. Wametuonyesha ugonjwa ambao sisi tunao kimyakimya: kujivunia umri wa kitabu kuliko kukifungua. Dawa yake ni kazi ya kawaida ya mhakiki, yaani kulinganisha nakala, kutafsiri, kutofautisha kilichoshuhudiwa na kilichotungwa, na kusema wazi pale kitabu kinapopendeza na pale kinapotia shaka.

Mwenzangu aliniuliza nimewasomea nini. Nikipewa nafasi ya kusimama tena, nitaanza na mtumwa aliyechoka kubeba kuni chini ya majua mawili. Moto nitautaja mwishoni, muda ukibaki.